Mzigo mzito na maji ya masika

Binamu yangu anakuja nyumbani. Yuko Marekani mwaka wa saba sasa, anabeba boksi kama tunavyopenda kusema, ingawa yeye husisitiza kwamba hajawahi kubeba boksi hata siku moja, kazi yake ni kukaa mbele ya kompyuta. Kwetu sisi yote ni boksi tu. Juzi ameniandikia kwamba amepata likizo ya wiki mbili kuanzia katikati ya Aprili, na nauli ya ndege ameipata kwa bei ya kutupa. Anakuja na rafiki zake wawili. Wanataka kufuata nyayo za Stanley: waanzie Bagamoyo, waende Morogoro, wakate bonde la Mkata hadi Kilosa, kisha wapande mpaka Mpwapwa. Mwisho kabisa wa ujumbe akauliza: "Hivi kaka, mvua zinakuwaje huko mwezi wa nne?"

Nilicheka peke yangu. Bei ya kutupa maana yake ni masika! Miaka saba tu, mtu ameshasahau kwamba mwezi wa nne hata nguo hazikauki kwenye kamba.

Ningeweza kumjibu kwa mstari mmoja: njoo Julai. Lakini nilipoanza kuandika nikakumbuka kwamba huyo Stanley anayetaka kumfuata, naye alianza safari ile ile masika yakiwa mlangoni. Na alikuwa mwandishi wa habari, kijana wa miaka 30, mwenye haraka. Hapo nikaacha kucheka. Nitaeleza kwa nini.

Kwanza tuelewane kuhusu mvua yenyewe. Ukanda wa mvua kubwa hulifuata jua. Jua likielekea kusini, ukanda unatupitia na kutuachia vuli, Oktoba hadi Desemba. Likirudi kaskazini unatupitia tena, nasi tunapata masika, Machi hadi Mei. Pepo nazo hugeuka: kaskazi inachoka, kusi inaingia. Majahazi ya Arabuni na Bara Hindi yaliishi kwa ratiba hiyo kwa karne nyingi, yakija na kaskazi na kurudi na kusi. Nahodha hakushindana na upepo. Aliusubiri.

Watu wa bara nao walikuwa na ratiba yao. Wanyamwezi, ambao katika karne ya 19 ndio waliokuwa mabingwa wa safari ndefu kati ya Tabora na pwani, walizoea kuteremka wakati wa kiangazi baada ya kuvuna, wakiwa na pembe za ndovu begani, kisha wakirudi kwao kabla mvua za kulimia hazijaanza. Tunasema mzigo mzito mpe Mnyamwezi, na tunaposema hivyo tunafikiria misuli. Tunasahau kwamba Mnyamwezi huyo alikuwa pia na kalenda kichwani. Alijua lini mto unavukika na lini hauvukiki, na alijua kwamba shamba halimsubiri mtu.

Wazungu wa kwanza nao walijifunza kusubiri kidogo. Burton na Speke walifika Zanzibar mwishoni mwa 1856, wakazungukazunguka Mombasa na Pangani, na hawakuianza safari kubwa ya kwenda Tanganyika hadi Juni 1857, masika yakiwa yamekwisha. Hawakukosa taabu, lakini angalau hawakuanza kwa kuogelea.

Stanley hakuwa na subira hiyo. Alifika Zanzibar tarehe 6 Januari 1871, ametumwa na gazeti la New York Herald la James Gordon Bennett kumtafuta Daktari Livingstone. Kama ni kupanga safari, jamaa alipanga. Aliulizia wafanyabiashara wazoefu: doti ngapi za merikani na kaniki, shanga za rangi gani zinapendwa wapi, masango kiasi gani. Bara ile haikuwa na sarafu, kwa hiyo fedha yako ulitembea nayo, na fedha ya nguo, shanga na waya ni nzito. Mzigo wake wote ulikuwa karibu tani sita. Akanunua punda. Akanunua mashua mbili. Akaweka kiwango kwamba kila mpagazi asibebe zaidi ya ratili 70, yaani kama kilo 32.

Alijua kuhusu masika. Alitaka kuyawahi. Lakini kule Bagamoyo wapagazi hawakupatikana kwa haraka, maana kipindupindu kilikuwa kimeipiga pwani na Zanzibar mwaka mmoja nyuma, na watu wa bara walikuwa na hofu ya kuteremka. Wiki zikapita. Msafara wa kwanza kati ya mitano uliondoka Februari. Wa tano, wenye Stanley mwenyewe, uliondoka tarehe 21 Machi 1871. Hebu angalia kalenda yako. Mtu mwenye ratiba ya shamba angesema tusubiri Juni. Mtu mwenye ratiba ya gazeti alisema twende.

Msomaji akipita leo barabara ya Morogoro kwenda Iringa, ndani ya hifadhi ya Mikumi, anaiona mbuga ya Mkata: tambarare, nyasi, twiga wakipita taratibu. Kiangazi ni mahali pa kupiga picha. Masika, maji ya milimani yanashuka na kukuta hakuna pa kwenda, yanakaa. Stanley aliiandika Makata, na aliivuka mwezi Mei 1871, kaskazini ya barabara hii, akielekea upande wa Kilosa. Watu walitembea ndani ya maji na tope siku nzima, mizigo kichwani, sehemu nyingine maji yakifika kifuani. Punda walikufa mmoja baada ya mwingine. Mbwa wake akafa. Yeye mwenyewe akashikwa na kuhara damu. Mwenzake Farquhar alizidi kuugua, akaachwa Mpwapwa na kufia huko.

Na wapagazi? Stanley ameandika mwenyewe, wala hakuona aibu, kwamba tope na maji yalipowamaliza watu nguvu, aliwarudishia nguvu hizo kwa mjeledi wa mbwa. Ameandika kama mzaha. Soma tena polepole. Mtu aliyechagua tarehe ya safari anamchapa mtu ambaye hakuichagua, kwa sababu ya kuchelewa katika matope ambayo tarehe hiyo ndiyo iliyowaingiza.

Alimpata Livingstone Ujiji, Novemba 1871. Dunia nzima inajua. Lakini mimi kinachonikaa kichwani ni safari ya kurudi. Stanley alirudi na boksi lenye barua na daftari za Livingstone, na boksi hilo ndilo lililokuwa ushahidi wake wote. Bila boksi, nani huko ng'ambo angemwamini? Akarudi tena katika masika, yale ya 1872, ambayo yalikuwa mabaya kuliko ya mwaka uliotangulia. Kufika mto mmoja uliofurika, kijana aliyeitwa Rojab alikuwa ameingia majini na boksi lile kichwani. Akakanyaga shimo. Maji yakampanda karibu yammeze, boksi linayumba. Stanley akiwa ukingoni akachomoa bastola, akamlenga, akamwambia kwamba akiliangusha boksi atampiga risasi.

Rojab hakuliangusha. Alijikokota hadi ng'ambo, boksi likafika kavu, na baadaye akapewa mtu mwingine kulibeba. Katika kitabu cha Stanley kuna mchoro wa tukio hilo: mtu ndani ya maji, boksi juu, bastola imenyooka. Nilipouona mara ya kwanza nilimtazama sana yule wa majini. Kumzunguka ni mto, mbele yake bastola, na juu ya kichwa chake karatasi za watu wengine.

Masika hayo ya 1872 hayakuchagua. Mwezi Aprili kimbunga kiliipiga Unguja, kikazamisha vyombo bandarini na kung'oa mikarafuu, na tangu hapo Pemba, iliyonusurika, ikawa ndiyo kisiwa cha karafuu. Bara nako, mji wa Simbamwene pale Morogoro, ambao Stanley alikuwa ameusifia kuta zake mwaka mmoja kabla, aliukuta umebomolewa na mto, sehemu ya ukuta na nyumba zimesombwa. Tarehe 6 Mei 1872 akaingia Bagamoyo, boksi liko salama.

Livingstone mwenyewe alibaki bara, na mwaka uliofuata, akizungukia vinamasi vya Bangweulu wakati wa mvua, akafa kwa Chitambo, Zambia ya leo. Chuma, Susi na wenzao wakaukausha mwili na kuubeba kwa miezi tisa hivi hadi Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Huo nao ulikuwa mzigo, tena mzito. Tofauti yake ni kwamba safari ile waliipanga wao. Hakuna aliyekuwa amesimama ukingoni.

Unaweza kusema hayo ni mambo ya kale. Basi tusogee mbele kidogo. Mwaka 1916 majeshi ya Waingereza yaliingia nchi hii kuwafukuza Wajerumani. Kilosa na Morogoro zilichukuliwa Agosti, wakati wa ukavu. Kisha zikaja mvua za 1917, hasa upande wa Rufiji, na vita vikakwama katika maji. Farasi na ng'ombe walikwisha kwa mbung'o, magari yakazama katika tope. Kikabaki chombo kimoja cha usafiri kisichoisha, kichwa cha mwanadamu. Watu walichukuliwa vijijini kwa makumi ya maelfu kubeba chakula na risasi, na makumi ya maelfu wakafa, wengi wao kwa kuhara, njaa na homa, si kwa risasi. Kikosi chao kiliitwa Carrier Corps. Ulimi wetu ukakigeuza kuwa Kariakoo. Kila unapokwenda Kariakoo kununua simu au mashuka, unataja jina lao. Ukitoka hapo tembea hadi sanamu ya Askari, iliyowekwa 1927. Maandishi yake yanawataja wabebaji, lakini aliyesimama juu ni mtu mwenye bunduki. Mwenye mzigo hayumo.

Utasema tena, reli ilimpumzisha mpagazi. Ni kweli. Wajerumani walianza kujenga kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, wakafika Morogoro 1907, Kilosa 1909, Tabora 1912 na Kigoma 1914. Safari ya Stanley ya miezi mitatu hadi Tabora ikawa ya siku mbili tatu. Lakini reli ile ilipita katika bonde la mto Mkondoa, na mto haukuhama kwa sababu reli imekuja. Mwishoni mwa Desemba 2009 na Januari 2010 mafuriko yaliikata kati ya Kilosa na Gulwe, na treni za abiria zikasimama kwa miezi. Maelfu ya watu wa Kilosa walilala kwenye mahema. Wakati sisi wa mjini tukilalamika kwamba treni ya Kigoma haipo, wao hawakuwa na nyumba.

Sasa nieleze kwa nini niliacha kucheka.

Mvua za mwaka 2024 mnazikumbuka. El Nino ilikuwa imezikoleza, na tarehe 25 Aprili Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliliambia Bunge kwamba watu 155 wameshapoteza maisha nchini. Mwezi huo huo nilikuwa wilaya ya Kilosa kutafuta habari. Tulikuwa na gari la kukodi, dereva mtu mzima tuliyekuwa tunamwita mzee, na utingo wake, kijana mwembamba mwenye jezi ya Simba iliyopauka. Tulifika kwenye kijito ambacho asubuhi tulikivuka bila kukitazama. Jioni kilikuwa mto. Maji ya rangi ya chai ya maziwa, yanapita na matawi.

Mzee akazima gari. Akasema, "Tulale kijijini, kesho asubuhi yatakuwa yamepungua." Nilitazama saa. Ofisini walikuwa wananisubiri, na kule kijijini hakukuwa na mtandao. Nikasema, tena kwa sauti ya mtu anayelipa, "Mzee, habari ikilala inachacha. Hebu tujaribu."

Mzee hakubishana. Alimwangalia utingo tu. Kijana akakunja suruali, akavunja fimbo, akaingia kupima kina. Hatua ya kwanza magoti. Ya tano kiuno. Katikati kabisa akapotea miguu. Niliona mikono na jezi, kisha nikaona jezi peke yake. Sijui ilikuwa sekunde ngapi. Mti uliokuwa umelala ukingoni ndio uliomshika, akatoka mita kama thelathini chini, anacheka na kutema maji. "Maji yana nguvu bosi," akaniambia.

Tulilala kijijini. Asubuhi maji yalikuwa yamepungua kama mzee alivyosema, tukavuka bila shida. Habari yangu ilitoka siku moja baadaye na hakuna mtu duniani aliyeona tofauti. Niliandika idadi ya kaya, ekari za mahindi, kauli ya kiongozi. Utingo hakuwemo. Nilipotaka kumtaja, hata kwa ajili yangu tu katika daftari langu, nikagundua kwamba katika siku mbili zile sikuwahi kumuuliza jina. Nilikuwa namwita dogo.

Kwa hiyo leo nikisoma habari ya Rojab, mkono wangu hauko mbali sana na ile bastola. Sikuwa nayo, ila nilikuwa na saa na hela ya kukodi gari, na siku ile vilitosha. Tena Stanley, pamoja na ukatili wake wote, alituachia jina. Ndiyo maana miaka zaidi ya 150 baadaye mimi na wewe tunaweza kusema Rojab. Mimi mwenye elimu ya darasani kuhusu haki za binadamu sikuacha hata hilo.

Tunapenda kusema mvua ilizuia safari. Ukisoma historia ya njia hii, mvua haikuzuia safari nyingi. Watu walikwenda tu. Isipokuwa safari ya masika ina nauli ya ziada, na nauli hiyo mara nyingi hailipwi na aliyepanga. Inalipwa na anayetangulia kuingia majini.

Basi jibu langu kwa binamu lilikuwa hivi. Kwanza, kama tiketi inabadilika, njoo Julai. Mkata utakuwa mkavu, twiga watakuwepo, na nyayo za Stanley utazitafuta kwa raha. Pili, kama haibadiliki, panda treni ya SGR, ambayo tangu 2024 inakwenda Dar hadi Dodoma na kupita katika milima ya Kilosa kwa mahandaki na madaraja. Keti dirishani, tazama bonde, soma kitabu chako. Tatu, kama lazima ushuke na kuingia vijijini, weka siku mbili tupu katika ratiba yako, siku zisizo na mpango wowote. Si za kwako hizo, ni za dereva, ili akisema tulale, mlale. Nne, atakayeamua kama gari livuke ni yule ambaye ataingia majini kupima. Wewe mwenye tarehe ya kurudi kazini kaa kimya.

Amenijibu jana usiku. Tiketi hairudishwi wala haibadiliki, ndiyo maana ilikuwa rahisi. Siku mbili tupu amekubali, ingawa rafiki zake wamenung'unika. Kisha akauliza, huko Marekani ameshasahau, utingo ni nani hasa.

Nimemwambia atamwona. Na kabla ya kuuliza maji yana kina gani, amuulize jina lake. Nimeshamtafuta mzee yule yule, dereva, na amesema yupo tayari. Nilipomuulizia kijana wa jezi ya Simba akacheka: "Juma? Yupo, sasa ana pikipiki yake." Ndivyo nilivyolipata jina, nimechelewa, na kwa simu.